Niliisikia Enduru ya Bibi

Bweranyange, Karagwe
Jumapili, 9 Juni 2024

Bibi yangu Celestina,

Kabla sijakuamkia naomba niseme jambo moja, kwa sababu nikianza na salamu najijua nitaishia kwenye salamu. Siku ile ulipoanguka chemchemini, mimi niliisikia enduru yako ya kuomba msaada. Sijawahi kumwambia mtu, hata mdogo wangu Vero ninayelala naye chumba kimoja.

Sasa shikamoo, Bibi. Sisi hatujambo. Baba na mama wanakusalimu. Vero aling'oka jino la mbele na anasema usimcheke utakapomwona. Kahawa imeanza kuiva upande wa juu, tunachuma kidogo kidogo. Ule mgomba wa karibu na dirisha lako umezaa mkungu mzito, mama ameuwekea mti wa kuuegemeza. Shule tumefunga hadi Julai. Kiswahili nimekuwa wa pili darasani. Wa kwanza ni yule yule.

Nirudi kwenye lile jambo. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kwanza, yapata saa kumi na moja jioni. Nilitoka shule nikazunguka njia ya kwenye kahawa, ile ya juu ya chemchemi, kwa sababu Jovitus na wenzake walikuwa wamekaa pale chemchemini kwenye benchi la Babu na spika yao kubwa. Unajua walivyokuwa wakinifanyia nikipita mbele yao. "Maktaba! Leo umefika ukurasa wa ngapi? Hebu tusomee!" Mmoja anaweka jani la mgomba puani kama kitabu, anatembea nyuma yangu akijikwaa makusudi, wengine wanacheka mpaka wanashikana mabega. Basi nilikaa chini ya mibuni, nikafungua kitabu, nikingoja waondoke.

Ndipo nikaisikia. Mara ya kwanza nilisimama, kitabu kikaanguka. Mara ya pili nikajua ni sauti yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba enduru ikipigwa, mwenye jembe analiacha, mwenye chungu jikoni anakiacha, kila mtu anakimbilia inakotoka na kuuliza maswali baadaye. Nilijua hivyo. Lakini nilijua pia kwamba nikishuka nitatokeza katikati ya wale vijana peke yangu. Nikajiambia wakubwa watafika sasa hivi. Nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mpaka mia moja na arobaini. Hakuna aliyekuja, na mimi nikakaa tena chini.

Nilipofika nyumbani ulikuwa kizingitini, kitenge kimejaa matope. Ulisema, "Nimeteleza." Nikakichukua kitenge, nikakisuuza, nikakianika. Ni hayo tu niliyofanya. Wiki iliyofuata ulikwenda kwa baba mdogo Novatus kutibiwa nyonga, na hujarudi.

Naomba unisamehe, au unigombeze. Lolote utakaloandika nitalisoma.

Mjukuu wako,
Sperancia


Kimuli, Kyerwa
Jumapili, 30 Juni 2024

Mpendwa mjukuu wangu Sperancia,

Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Projest anasema gari lake lilikuwa bovu, lakini bahasha inanuka vitunguu, kwa hiyo nadhani alikaa nayo wiki tatu kwenye gunia la biashara yake. Usimwambie kitu. Ndiye tarishi tuliye naye.

Huku hatujambo. Novatus yuko shambani kutwa, mkewe ni mwema kwangu, watoto wao wanapiga kelele nzuri. Nyonga inauma asubuhi, ikishapata jua inatulia. Migomba ya huku haijanizoea, au mimi sijaizoea. Nikiamka nageuza uso upande lilipokuwa dirisha langu, nakutana na ukuta.

Nakumbuka Juni za zamani huko kwetu. Wakati wa kuchuma kahawa hapakuwa na mtu aliyechuma peke yake. Leo kwako, kesho kwangu. Babu yako alikuwa akikamua ndizi kwa ajili ya pombe ya rubisi, na watoto wa mtaa mzima wanakuja na vikombe kuomba juisi kabla haijachacha. Walikuwa wakitumwa na mama zao kuuliza jambo la uongo, "Mama anaomba moto," na kikombe kimefichwa mgongoni.

Sasa mambo ya nyumba. Mwambie baba yako hivi: yule mnunuzi wa kahawa kutoka Omurushaka aliyeiomba nyumba yangu kuwa ghala, ampe. Ifikapo mwisho wa Septemba iwe wazi. Sioni sababu ya nyumba kukaa imefungwa inaliwa na mchwa. Birika langu jeusi mlitume kwa Projest. Vyombo vingine vibaki kwenu. Visipelekwe kwa jirani Restuta kutunzwa.

Mwandiko wako unalala sana upande wa kulia. Unyooshe.

Bibi yako,
Celestina


Bweranyange
Jumapili, 14 Julai 2024

Bibi, shikamoo.

Natumaini nyonga inaendelea vizuri. Huku ni wazima. Shule imefunguliwa, tumepewa mwalimu mpya wa Jiografia ambaye anaongea taratibu kama wewe. Birika nimelifunga kwenye gunia pamoja na kahawa ya kutafuna niliyoichemsha na kuikausha mwenyewe, kwa majani yale uliyonionyesha. Kama ni chungu kupita kiasi, ni kosa langu, si la mbuni.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, Bibi. Nimetafuta mahali ulipojibu lile nililokuambia, sikupaona. Nilifikiri labda ukurasa mmoja umebaki kwa Projest kwenye vitunguu. Nilimuuliza, akasema, "Mtoto, mimi nabeba tu, sisomi."

Baba alimpa mnunuzi habari. Mtu huyo alikuja Jumatano, akapima sebule yako kwa hatua, akasema ukuta wa katikati utatolewa ili magunia yapangike. Baba alikuwa akiitikia, "Sawa, sawa," lakini alikuwa akitazama pale ukutani ulipokuwa ukitupima urefu kwa mkaa. Alama yake yeye ipo chini kabisa, imeandikwa Protase 1979.

Juzi Ma Restuta aliniita. Alikuwa amekaa uani kwake, mlango wazi unaotazama chemchemi. Aliniuliza habari zako, nikasema mzima. Akasema, "Bibi yako alinifanyia kama mtu aliyelala lodge. Asubuhi kitanda kitupu, hata mwenye nyumba hajui amepanda gari gani. Miaka arobaini na mbili, Sperancia! Nimemkosea nini?" Alinipa ndizi za kuchoma nikazila nikiwa nimeinama.

Mimi nawakumbuka mkiwa pamoja tu. Sikumbuki siku hata moja ya utotoni ambayo mmoja wenu alikuwa chemchemini bila mwingine. Mlikuwa mnakaa kwenye benchi la Babu, madumu yanajaa, mnatafuna kahawa, na mimi katikati yenu nachora herufi kwenye ubao wa benchi kwa mkaa. Wewe ulikuwa unasema "a," Ma Restuta anasema, "Mwache mtoto apumzike, kwani kesho herufi zinahama?"

Siku hizi mahali pale huwezi kukaa. Wanaanza spika saa nane mchana. Wamevunja ubao mmoja wa benchi wakaukokea moto. Chupa zinaogelea mpaka ndani ya maji. Mama mmoja wa ng'ambo ya chemchemi alipowaambia washushe muziki walimwigiza sauti, kisha wakaipandisha zaidi. Watu wanateka maji haraka, wanaondoka bila kusalimiana. Nadhani hilo la kutosalimiana ndilo linaloniuma zaidi.

Bibi, siku ile uliteleza kweli, au kuna aliyekusukuma? Na kwa nini vyombo visiende kwa Ma Restuta?

Mjukuu wako,
Sperancia


Kimuli
Jumapili, 18 Agosti 2024

Sperancia, mjukuu wangu,

Marahaba. Kahawa yako haina uchungu. Imekaa vizuri mdomoni. Birika limefika limebonyea ubavu, nalo linachemsha kama kawaida.

Nimechelewa kujibu. Si Projest safari hii, ni mimi.

Hakuna aliyenisukuma. Nilikwenda kuteka maji, nikawaambia wale vijana wapunguze muziki na waokote chupa zao. Jovitus alicheka akasema, "Mwalimu, shule ilishafungwa, nenda kapumzike." Nikamwambia aondoke kwenye benchi la mume wangu. Akalishika dumu langu kulimwaga. Mimi sikuliachia. Alivuta, nami nikavuta, dumu likapasuka, nikaenda chini. Naona hata yeye alishtuka. Lakini wenzake walicheka, basi na yeye akacheka.

Jovitus nilimfundisha mimi. Mama yake alipokuwa mgonjwa, alikula kwangu mwaka mzima. Alikuwa miongoni mwa wale wa kikombe kilichofichwa mgongoni, na ndiye pekee aliyesema ukweli, "Mwalimu, nimekuja kunywa." Mara ya kwanza kuandika jina lake, aliliandika kwenye benchi lile lile. Sikuondoka kwa sababu yake. Mtoto akiharibika mbele ya macho yako unamwonea uchungu, lakini huhami mji kwa ajili yake.

Nilipokuwa chini nilipiga enduru mara mbili. Nikainua kichwa. Restuta alikuwa uani kwake anapeta maharage. Kutoka pale nilipoanguka namwona vizuri, kama ninavyoiona karatasi hii. Hakugeuka. Alirusha ungo, akapuliza, akarusha tena. Nilipiga mara ya tatu nikimtazama yeye. Akaendelea kupeta.

Tangu hapo sikuwa na haja ya kumuaga mtu. Mahali ambapo unapiga enduru na jirani wa miaka arobaini anaendelea na maharage yake, pale si kwako tena. Ulipoandika kwamba nawe ulisikia sikushangaa. Niliona ni mmoja tu kati ya wote. Ndiyo maana sikujibu. Ningekusamehe nini wewe, mtoto, wakati watu wazima wote walikaa tu?

Nyumba itolewe kama nilivyosema.

Bibi yako,
Celestina


Bweranyange
Jumapili, 25 Agosti 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nyumbani wote wazima, mvua bado, vumbi tele. Barua hii naiandika siku hiyo hiyo niliyoipata yako, maana Projest anaondoka kesho alfajiri.

Bibi, si kweli. Naomba unisikilize.

Nilipomaliza kusoma nilikwenda chemchemini na Vero. Spika ilikuwa inalia kama siku zote. Wanaiweka juu ya jiwe, uso wake unatazama chini, moja kwa moja uani kwa Ma Restuta. Mimi siku ile nilikuwa nyuma ya spika, upande wa juu, hatua kama thelathini kutoka ulipoanguka. Nilimpeleka Vero asimame uani kwa Ma Restuta, pale pale anapopetea. Nikarudi juu hadi pale ulipoanguka. Enduru haipigwi kwa majaribio, kwa hiyo nilimwita kwa jina. "Vero!" Nilimwita kwa nguvu zangu zote, mimi ambaye mwalimu huniambia nirudie jibu kwa sababu halifiki hata dawati la mbele. Vijana waligeuka. "Leo Maktaba inanguruma!" Nikamwita tena. Vero alikuwa ananitazama moja kwa moja. Alikuwa anajikuna mguu. Hakusikia hata kidogo.

Halafu nikaenda kwa kila nyumba ya upande wa chini. Nilijifanya nauliza habari za siku ile kwa ajili ya kazi ya shule. Kila mmoja alikumbuka ilikuwa Alhamisi ya kabla hujaondoka, kwa sababu siku hiyo ndiyo walileta spika kubwa kwa mara ya kwanza, na mzee mmoja alisema kifua chake kilikuwa kinatetemeka. Hakuna aliyesikia enduru. Mama wa ng'ambo alikasirika. "Enduru ya Mwalimu Celestina nisikie nisiende? Unanionaje wewe?"

Kwa hiyo aliyesikia ni mimi peke yangu. Hawakukaa wote, Bibi. Nilikaa mimi. Ulipaswa kumkasirikia mtu mmoja tu kwa miezi yote hii, na mtu huyo amekulia nyumbani mwako na anabeba jina la mama yako. Badala yake umemkasirikia Ma Restuta, naye hajui.

Usiitoe nyumba. Tafadhali.

Sperancia


Kimuli
Jumapili, 8 Septemba 2024

Sperancia,

Nimesoma. Huku sote wazima.

Jana nilijaribu kupeta maharage ya Novatus nikashindwa, nikauweka ungo chini.

Umeniambia mimi, na umeniambia kwa karatasi. Restuta umemwambia? Amekaa miezi minane akijiuliza amenikosea nini. Mimi siwezi kumjibu kutoka huku, kwa sababu hata mimi nilimhukumu bila kumuuliza, na aibu hiyo ni yangu. Lakini yako ni ya kwako.

Kuhusu nyumba sijasema tena lolote. Mwisho wa Septemba haujafika.

Bibi


Bweranyange
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Bibi yangu, shikamoo.

Mvua imeanza. Mama amepanda maharage upande wa chini. Vero ameota jino jipya, kubwa kuliko uso wake.

Jumapili baada ya ibada mwenyekiti wetu wa kitongoji, Mzee Kashaija, aliitisha mkutano kuhusu chemchemi. Watu walikuwa wengi, wamekasirika. Jovitus na wenzake watano walikaa nyuma juu ya pikipiki zao, wanatafuna miwa. Mtu mmoja alisema wachapwe. Mwingine akasema spika ichomwe hadharani. Mwingine akasema wafukuzwe mtaani. "Wafukuzwe waende wapi, si watoto wenu hawa?" aliuliza Mzee Kashaija. Kelele zikazidi. Ma Restuta akasimama. Akasema, "Mimi spika sina habari nayo. Nataka mtu aniambie kwa nini Celestina aliondoka bila kuniaga. Tangu vijana hawa waje pale, mimi nimepoteza mtu." Kisha akakaa.

Nilinyoosha mkono. Sijui nani aliunyoosha, lakini ulikuwa wangu. Mzee Kashaija alisema, "Mtoto wa Protase, sema." Sauti haikutoka. Mmoja wa wale vijana akasema, "Maktaba imefungwa," watu wakacheka. Basi nikasema nikiwa natazama viatu vyangu. Nilisema ulianguka ukigombea dumu lako, ukapiga enduru mara tatu, mara mbili nikazisikia, na sikwenda. Nilisema Ma Restuta alikuwa anapeta maharage, nawe ulimwona, ukadhani anasikia.

Ma Restuta aliuliza, "Wewe ulisikia?" Nikasema ndiyo. "Na mimi nilikuwa napeta?" Nikasema ndiyo. Alikaa chini majanini, akafunika kichwa kwa kitenge. Baba hakunitazama.

Mzee Kashaija alisema kuna utaratibu ambao wengi wameusahau. Anayesikia enduru asiende, kesi yake inasikilizwa kabla ya ile ya mkosaji mwenyewe, maana mkosaji alitenda kwa hasira yake, lakini huyu aliwakatia watu wote kamba wanayoishikilia. Zamani alitozwa mtungi wa rubisi, wanakunywa wale waliokimbilia. Mzee mmoja akauliza, "Sasa hakuna aliyekimbia. Hiyo rubisi atakunywa nani?" Watu wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa chepesi, hata mimi nikapumua. Wakaamua kwamba kwa kuwa ni mwanafunzi, nikate nyasi na kuitandika nyumba yako sakafu yote, kama zilivyokuwa zikitandikwa nyumba zamani mwenyewe akitarajiwa. Nikakubali.

Ndipo Jovitus akasema kutoka nyuma, "Na mimi?" Mzee Kashaija akamjibu, "Wewe subiri zamu yako, mwenzio alikuwa mbele ya foleni." Hakutafuna tena muwa. Alisimama akasema dumu alilipasua yeye. Hakuomba msamaha, Bibi, nisikudanganye. Alisema tu, "Dumu nilipasua mimi, na benchi nitaweka ubao." Wameambiwa spika isionekane tena chemchemini, na wao wenyewe waondoe chupa. Wawili kati yao waliwasha pikipiki wakaondoka kabla mkutano haujaisha. Sasa wanakaa kwenye kalavati la barabara ya Omurushaka, na nikipita bado wananiita jina lile. Jovitus hayuko nao. Sijui yuko wapi jioni.

Baba hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu nilipokuwa nakata nyasi kule bondeni alikuja na mundu wake, akakata nami mpaka giza. Yule mnunuzi alikuja jana akanikuta natandika sebuleni. "Ghala gani linatandikwa nyasi?" akauliza. Baba akamwambia asubiri jibu la mwenye nyumba. Nyumba inanukia kama nilipokuwa mdogo, tukilala sebuleni kwako wajukuu wote, na wewe unapita juu yetu kwa uangalifu kwenda kuchochea moto.

Barua hii sitampa Projest. Nimemwomba Ma Restuta ruhusa ya kwenda naye, naye amesema yuko tayari tangu Januari. Jumamosi tunapanda gari Omurushaka kuja Kimuli. Ukiisoma tutakuwa tumekaa mbele yako.

Mjukuu wako,
Sperancia


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo
Jumanne, 1 Oktoba 2024

Bibi ameniomba niandike yaliyofuata, ili barua zote zikae pamoja.

Tulifika Kimuli saa sita mchana. Bibi alikuwa anamenya ndizi uani. Nilimwamkia, nikampa barua, nikarudi nyuma. Ma Restuta hakungoja aisome. Alisema, "Celestina, hata kuniaga?" Bibi akasema, "Nilikuona hugeuki." Ma Restuta akasema, "Ungenirushia jiwe!" Wakatazamana. Bibi akasema, "Nilikuwa nimelala matopeni, mawe ningeyatoa wapi?" Ma Restuta alianza kucheka, kisha ikawa si kucheka tena, na Bibi akasogea kwenye mkeka akampa nafasi.

Barua yangu Bibi aliisoma jioni, mara mbili. Aliniita. Aliniuliza nyasi nilikata wapi, na kama zilikauka kabla ya kutandika. Nikasema zilikauka siku moja tu, mvua ilitishia kunyesha. Akasema, "Zitaota ukungu. Itabidi zitolewe zianikwe." Nikasema nitazitoa. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo kwa muda, akasema twende tukale.

Jumapili tulikwenda kanisani sote. Jana, Jumatatu, sikwenda shule, maana Bibi alisema anarudi kwake. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikafunga mizigo ya Bibi, mafurushi mawili na kikapu, nikaibeba hadi barabarani kwa safari tatu. Baba mdogo Novatus alisimamisha gari. Bibi na Ma Restuta walikaa kiti cha mbele, mimi nyuma na mizigo, na waliongea Kinyambo njia nzima. Omurushaka nilitafuta pikipiki tatu, mbili za kwao na moja ya mimi na mizigo. Tulipofika nyumbani kwa Bibi nilifungua madirisha, nikatoa nyasi zote nje, nikazitandaza juani.